Je, wajua gramafoni ya tarumbeta inapazaje sauti bila umeme?

Umeme ukikatika Mbeya, redio ya mezani inanyamaza na kila mtu anaanza kuchungulia asilimia zilizobaki kwenye simu. Gramafoni ya kale, ile yenye tarumbeta kubwa juu ya kisanduku cha mbao, haina habari. Haijui waya wala betri, na bado wimbo wake unatoka sebuleni na kufika barazani kwa jirani. Nguvu hiyo inatoka wapi?

Ukiuliza, wengi watakuambia tarumbeta ndilo linalokuza sauti. Huo ni ukweli nusu. Tarumbeta ni bati lililokunjwa, halina nguvu ya kumwongezea mtu chochote. Nguvu yote unayoisikia ilitoka kwenye mkono wa aliyezungusha hendeli.

Hendeli inakaza springi ndefu ya chuma iliyojiviringa ndani ya kopo. Springi inapojikunjua inasukuma meno, na meno yanazungusha sinia lililobeba sahani ya santuri. Ingeachwa hivihivi, sahani ingeanza kwa kasi na kuishia kukokota. Ndiyo maana kuna gavana: vyuma vidogo vitatu vilivyoshikwa na vibapa vyembamba. Mwendo ukizidi, vyuma vinatanuka na kuvuta kisahani kikasuguane na breki. Hivyo sahani inabaki kwenye mizunguko karibu 78 kwa dakika.

Juu ya sahani kuna mfereji mmoja tu kila upande, unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mfereji huo haukunyooka. Unayumba kushoto na kulia kufuata sauti iliyorekodiwa. Fonografu ya mvumbuzi Mmarekani Edison ya mwaka 1877, mashine iliyoitangulia gramafoni, ilitumia silinda, na sindano yake ilipanda na kushuka. Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, ndiye aliyeleta mwaka 1887 mashine ya mfereji wa kuyumba pembeni, ambayo baadaye ikawa ya sahani bapa. Sindano ikiyumbishwa, inatikisa kijiwenzo kifupi, na kijiwenzo kinatikisa kiwambo, yaani utando mwembamba wa mika (madini yanayobanduka kama karatasi), wenye upana wa kama sentimita tano.

Hapo ndipo penye kisa. Ling'oe tarumbeta, uache kiwambo kipige peke yake: utasikia sauti nyembamba ya kukwaruza isiyovuka meza. Kiwambo kinatikisika kwa nguvu ileile, ila hewa iliyo mbele yake ni nyepesi mno na inakwepa pembeni. Chukua kijiti ukipunge hewani, mkono hausikii kitu. Punga ungo, utasikia hewa inakataa. Kiwambo kikiwa wazi ni kijiti, na kazi ya tarumbeta ni kukipa upana wa ungo. Kwenye koo jembamba la tarumbeta hewa imebanwa, haina pa kukwepea, hivyo kiwambo kinapata cha kusukuma. Msukumo huo unasafiri huku njia ikipanuka, na unapofika mdomoni unakuwa umeshika hewa nyingi, kila sehemu ikisukumwa kidogo.

Kupanuka huko lazima kuwe kwa taratibu. Njia ikipanuka ghafla, sehemu kubwa ya sauti inagonga mabadiliko hayo na kurudi ndani. Mafundi wa zamani walikuwa wakikunja matarumbeta kwa kubahatisha na kusikiliza. Hesabu yenyewe ilichapishwa mwaka 1919 na mwanafizikia Mmarekani A. G. Webster. Mdomo nao una mipaka yake. Tarumbeta la upana wa sentimita 60 lina mzingo wa takriban mita 1.9, na mawimbi marefu kuliko hapo hayatoki vizuri. Besi inapotea. Kwa hiyo usimlaumu mwenye gramafoni ukisikia muziki wote umepanda puani, ni maumbile ya mashine.

Kabla ya mwaka 1925 hata kurekodi kulifanyika hivyohivyo, kinyumenyume: mwimbaji anaimba ndani ya tarumbeta, kiwambo kinatikisika, sindano inachonga nta. Kisha maikrofoni ikaingia studio. Siti binti Saad wa Zanzibar aliporekodi Bombay mwaka 1928, zama hizo mpya zilikuwa zimeshaanza, lakini sahani zake bado zilipigwa kwenye mashine za hendeli.

Huku Nyanda za Juu Kusini, anayetaka kufufua mashine ya namna hii aanzie kwa fundi saa, si kwa fundi redio. Fundi saa anajua springi na meno. Aambiwe mapema tu kwamba springi ya gramafoni si ya saa ya mkononi. Ikifyatuka kutoka kwenye kopo lake inakata vidole. Na adui wa kwanza wa huku kwetu ni baridi. Grisi ya miaka mingi ndani ya kopo imeshakuwa gamu, na Njombe ya mwezi Julai inaikaza zaidi. Springi inanata, kisha inajiachia kwa kishindo, na wimbo unayumba katikati ya beti. Dawa ni kufungua, kufuta yote na kupaka grisi mpya.

Baada ya hapo, tazama kichwa cha sindano. Kiwambo kinakaa katikati ya mipira miwili, na mipira hiyo ikishakuwa migumu sauti inapiga mluzi na kukereza. Kwa dharura, mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli unaweza kufaa. Kisha kagua kila kiungo kutoka kichwani hadi tarumbetani. Upenyo mdogo tu unavujisha ule msukumo uliobanwa, na hapo ukubwa wa tarumbeta hausaidii.

Wanunuzi, shaba inayong'aa isiwapofushe. Kuna mashine nyingi zilizounganishwa India kwa ajili ya mapambo: tarumbeta jipya la shaba, kisanduku cha pembe nane, nembo ya mbwa, na ndani injini iliyotolewa kwenye gramafoni ya begi. Zipo za kweli zenye shaba, lakini matarumbeta mengi ya asili yalikuwa ya bati lililopakwa rangi. Rangi hiyo hata ikichakaa iacheni, wakusanyaji wanailipia.

Sahani zenyewe ni za sheleki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Msizifute kwa spiriti, inaziyeyusha. Unga ule wa mawe unainoa sindano ya chuma mpaka ikae sawasawa kwenye mfereji, kwa hiyo sindano inabadilishwa kila upande, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ni kama dakika tatu tu. Kichwa nacho kinakandamiza kwa uzito wa zaidi ya gramu 100. Zile sahani za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz zilizolala kabatini kwa wazee ni za plastiki laini, za mizunguko 45 au 33. Ukiziweka chini ya sindano hii zitakwanguliwa mara ya kwanza tu, na hazitapona. Hizo zitafutieni pleya ya umeme.