Kumaliza arosto si kupona

Wengi huku pwani huamini kwamba teja akifungiwa ndani, akaombewa, akamaliza arosto, yaani mateso ya mwili anapoacha unga, basi amepona. Ndiyo maana familia humtoa kijana wao soba hausi, nyumba ya kuwasaidia mateja kuacha, baada ya wiki mbili tu, akishaanza kula na kunawiri.

Arosto ya heroini, na maumivu yake yote ya mifupa, kuharisha na kukosa usingizi, kwa kawaida hutulia ndani ya siku saba hadi kumi. Hamu ya unga hubaki miezi, hata miaka. Kibaya zaidi, mwili uliopumzika hauhimili tena kipimo cha zamani: akirudia kete zilezile alizozoea, pumzi inaweza kukatika. Siku za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari, na kwa anayetoka jela ni vivyo hivyo. Linaniuma hili, maana wazazi wengi hawaambiwi.

Soba hausi za Zanzibar hufuata hatua 12 za kuacha ulevi, zilizoanzia kwa walevi wa Marekani miaka ya 1930, pamoja na swala. Kuamka alfajiri, kufagia uwanja, kukaa duara na kusema kweli mbele ya wenzako: hiyo ni kazi ya miezi. Imani humpa mtu nguvu ya kubaki. Wala haigombani na methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto na hamu ya heroini, inayotolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011. Mtu hunywa dozi yake asubuhi, na adhuhuri akaswali.