Asilimia 30 ya sola hulipwi mkononi

Swali limekuja tena, kwa maneno yaleyale: "Serikali inalipa asilimia 30 ya sola, mbona kwenye makadirio yako bei haijashuka?" Kwa sababu haishuki. Fundi analipwa bei kamili, paneli zinanunuliwa kwa bei kamili, na benki iliyokukopesha inataka marejesho ya mkopo mzima. Asilimia hizo ni nafuu ya kodi: huja baadaye, kupitia ritani (fomu ya kodi ya mwaka), na huja tu kama kuna kodi ya kupunguza. Kazi yangu ni kupiga hesabu za mifumo ya sola kabla haijafungwa, na sijaona imani inayowaingiza watu kwenye mikopo wasiyoimudu kama hii.

Chukua Marekani, ambako asilimia hizo 30 zilivuma zaidi. Sheria ya 2022 iliwaruhusu wenye nyumba kupunguza kodi yao ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama za sola. Mfumo wa dola 25,000 ulizaa nafuu ya dola 7,500. Lakini mtu ambaye kodi yake ya mwaka ni dola 4,000 aliona 4,000 tu; zile 3,500 zilisubiri mwaka unaofuata. Mstaafu ambaye kipato chake hakitozwi kodi hakuona kitu, maana nafuu ile haikulipwa taslimu.

Hapo watu hukosea pande zote mbili. Wengine husema, "Mimi sina kodi, kila mwaka narudishiwa." Kodi wanayo! Mwajiri ameshaikata kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi, na kinachorudi ni kilichozidi. Tazama kodi ya mwaka mzima, usitazame salio la mwisho. Wengine hujumlisha vivutio kana kwamba kila kimoja kinasimama peke yake. Kampuni ya umeme ikikupa ruzuku ya dola 2,000 kwenye mfumo ule wa 25,000, asilimia 30 inapigwa kwenye 23,000 zilizobaki. Unapata 6,900, si 7,500.

Kisha kuna tarehe. Sheria ya Julai 2025 iliifunga nafuu hiyo ya wenye nyumba kwa gharama za baada ya Desemba 31, 2025, na gharama huhesabiwa siku ufungaji unapokamilika. Aliyelipa kila kitu Novemba, paneli zikapanda paani Januari, amekosa, hata akiwa na risiti. Popote ulipo, uliza siku inayohesabika ni ipi: ya kulipa, ya kumaliza kufunga, au ya kuwashwa rasmi.

Kwa wafanyabiashara imani ileile huvaa nguo nyingine. Afrika Kusini ilipotangaza kuwa kampuni zinaweza kutoa asilimia 125 ya gharama ya mfumo, kuanzia Machi 2023 hadi Februari 2025, niliwasikia watu wazima, wenye wahasibu wao, wakisema sola imekuwa bure na chenji juu. Hapana. Asilimia 125 inatolewa kwenye mapato, kabla kodi haijakokotolewa. Mfumo wa randi 1,000,000 unapunguza mapato yanayotozwa kwa 1,250,000. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 27, unaokoa 337,500. Tena mifumo isiyozidi megawati moja ilikuwa tayari inaruhusiwa kutoa gharama yote mwaka wa kwanza, yaani kuokoa 270,000. Kipya kilikuwa 67,500. Ni pesa, sikatai, ila ni mbali sana na bure. Na kampuni inayopata hasara haina mapato ya kupunguza mwaka huo. Watu wa nyumbani walipewa asilimia 25 ya bei ya paneli mpya tu, isiyozidi randi 15,000. Inveta (kifaa kinachobadili umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani) na betri, ambazo mara nyingi ndizo zinazokula bajeti, hazikuhesabiwa.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nitaipita haraka: ikiondolewa kwenye vifaa vya sola, mwenye nyumba anafaidika papo hapo. Biashara iliyosajiliwa kwa VAT ingerudishiwa hata hivyo, kwa hiyo inachopata ni kuwahi kuiona pesa yake tu.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko vyote. Watu hutumia wiki nzima kubishana juu ya ruzuku ya kununulia, halafu hawaulizi hata mara moja uniti inayokwenda gridini, yaani kwenye mtandao wa umeme, inalipwaje. Hiyo ndiyo inayoamua mfumo utajilipa au la.

Piga hesabu nami. Nyumba inatumia uniti 400 kwa mwezi na paneli zinazalisha 400. Mchana watu hawapo, kwa hiyo 120 tu zinatumika papo hapo. 280 zinakwenda gridini, na usiku unanunua 280. Kama mita inafuta uniti kwa uniti, umeokoa thamani ya uniti 400. Kama unachopeleka kinarudi kwa nusu, ambavyo ndivyo kanuni za Kenya za 2024 zilivyopanga, umeokoa 120 na 140, jumla 260. Kikilipwa robo ya bei unayonunulia, ni 190. Paneli zilezile, jua lilelile, faida chini ya nusu! California ilipobadili utaratibu kwa walioomba kuunganishwa baada ya katikati ya Aprili 2023, malipo ya uniti zinazotoka yalishuka kwa wastani wa takriban asilimia 75, na ghafla betri iliyokuwa anasa ikawa ndiyo hesabu. Uholanzi inaacha kufuta uniti kwa uniti kuanzia Januari 1, 2027. Uingereza ilianza mwaka 2010 kwa kuwalipa wenye mifumo midogo peni 41.3 kwa kila uniti waliyozalisha, ikafunga mlango kwa wapya mwisho wa Machi 2019, na mpango uliofuata unamtaka msambazaji alipe bei yoyote, mradi iwe juu ya sifuri.

Ndiyo maana ofisi au karakana inayofanya kazi mchana ina kivutio ambacho hakihitaji tangazo la waziri. Inatumia umeme wake wakati unazalishwa, na kila uniti inaokoa bei kamili. Nikiwa na mteja wa namna hii, ruzuku naiweka mwisho wa karatasi, na wikiendi ndizo zinazonipa shida.

Kuna mambo vitabu huyaandika kwa uhakika ambao mimi sina. Ile asilimia 30 ya matumizi ya papo hapo niliyoitumia hapo juu, yaani uniti 120 kati ya 400, ni dhana. Akizaliwa mtoto, au mtu akianza kufanyia kazi nyumbani, inabadilika yote. Kwa hiyo nikiona makadirio yanayosema mfumo utajilipa kwa miaka 6.4, nauliza hiyo nukta nne imetoka wapi. Mimi hutoa upeo, mathalani miaka sita hadi kumi, na baadhi ya wateja hukasirika. Sijui pia ni kiasi gani cha ruzuku humfikia mnunuzi. Nimeona bei za mafundi zikipanda wiki chache baada ya ruzuku kutangazwa. Labda ni ruzuku, labda ni paneli kuadimika kwa sababu kila mtu anazitaka. Omba bei ya mfumo uleule kwa mafundi watatu kabla hujaamini neno "punguzo".

Na ahadi ya serikali nayo ina maisha yake. Ujerumani iliweka bei ya uniti kwa miaka 20 kwa sheria ya mwaka 2000, na walioingia mapema wamelipwa walivyoahidiwa. Hispania iliahidi bei nono mwaka 2007, mwaka 2010 ikawekea kikomo saa zinazolipiwa, na mwaka 2013 ikaufuta mpango ule wa bei, hata kwa waliokwisha kufunga. Mimi hupiga hesabu mara mbili, na mara ya pili naondoa malipo ya gridi kabisa. Mfumo ukianguka hapo, namwambia mteja apunguze paneli.

Mwisho, mikataba ya kukodisha. Kama paneli zilizo juu ya paa lako ni mali ya kampuni, nafuu ya kodi kwa kawaida ni ya kampuni, kwa kuwa ndiyo iliyonunua. Pengine wamekupunguzia ada kwa ajili hiyo, pengine hawakufanya hivyo. Kabla ya kusaini, tafuta kwenye mkataba ni nani mmiliki wa paneli, ni nani anayelipwa kwa uniti zinazotoka, ada inapanda kwa kiasi gani kila mwaka, na nini kinatokea ukiuza nyumba kabla muda haujaisha.