Kutoamini kidini: si shaka, wala si njia moja

Asiyeamini ni mtu ambaye hakubali kwamba Mungu au miungu ipo. Mwenye shaka hajafika huko; bado anapima, na mizani yake inapanda na kushuka. Yupo pia anayeshikilia kwamba jambo hili halijulikani, msimamo ambao mwanabiolojia Mwingereza Thomas Huxley aliupa jina la “agnosticism” mwaka 1869. Huyu anaweza kuwa ametulia kabisa, kuliko hata muumini.

Watu wengi, wakiwemo wasioamini wenyewe, hudhani kutoamini huja kwa kufikiri sana. Mwaka 2013 wanasaikolojia Ara Norenzayan na Will Gervais walieleza njia nne za kufikia kutoamini, na tafakuri ni moja tu. Wapo wanaopata shida kuwazia nia na fikra za wengine, hivyo Mungu mwenye nafsi hawaingii akilini kwa urahisi. Wapo ambao maisha yao yana usalama wa kutosha hata swali lenyewe haliwashughulishi. Na wapo waliokulia kwa wazazi walioitaja imani mdomoni tu: hawakufunga, hawakutoa sadaka, hawakujinyima chochote kwa ajili yake. Mtoto huangalia imani inamgharimu nini anayeihubiri. Gervais na wenzake walipozipima njia hizi Marekani, katika utafiti uliotoka 2021, hii ya malezi ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa kuliko zote.

Njia ya tafakuri ndiyo iliyovuma zaidi. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba kuitazama tu picha ya sanamu ya mchongaji Mfaransa Rodin, ile ya mtu anayewaza, kunapunguza imani. Jaribio liliporudiwa kwa watu wengi zaidi, matokeo hayo hayakuonekana tena. Sanamu haina kosa; washiriki wa mwanzo walikuwa wachache mno.

Kwa upande wa imani, wanasaikolojia Justin Barrett na Frank Keil walionyesha mwaka 1996 kwamba ina tabaka mbili. Watu waliohojiwa walisema Mungu yuko kila mahali na hufanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Kisha wakapewa kisa cha mvulana aliyenaswa mguu kati ya mawe mtoni, akaomba wakati Mungu anajibu ombi la mtu mwingine mbali. Walipokisimulia tena, wengi walisema Mungu alimaliza kwanza kule, ndipo akaja kwa mvulana. Kisa hakikusema hivyo. Hawakudanganya walipohojiwa; fundisho huhitaji utulivu ili likumbukwe, ilhali akili ikiharakishwa humchukulia Mungu kama binadamu.

Ndiyo maana swali moja la “unaamini?” halipimi kitu cha maana. Uliza maswali mbalimbali: anakiri nini, ana uhakika kiasi gani, anatenda nini, na akiogopa anamwita nani. Tenganisha pia shaka ya hoja na shaka ya uchungu. Aliyefiwa akahisi Mungu amemtupa hana tatizo la ushahidi, na ukimletea hoja za kuthibitisha kwamba Mungu yupo, utakuwa unamjibu swali ambalo hakuuliza.