Kabla Hujayalaumu Mayai, Angalia Kipimajoto

Mfugaji akija kwetu akilalamika kwamba mashine ya kutotolesha vifaranga aliyojitengenezea imemrudishia mayai viza, sisi wa ugani humwuliza kwanza: kipimajoto umekining'iniza wapi? Mara nyingi hujibu kwamba kipo juu, karibu na balbu. Basi mayai yamelala chini na joto linapimwa juu, ilhali hewa ya moto hupanda. Kipimo kinasoma vizuri, mayai yanapigwa baridi.

Boksi lenyewe si kazi kubwa. Plywood yenye kuta mbili zilizojazwa maranda katikati hutunza joto, na hata lile boksi jeupe la kubebea samaki wa barafu linafaa. Weka kidirisha cha kioo usiwe unafungua ovyo. Toboa matundu machache chini na mengine juu, maana kifaranga anapumua kupitia ganda na anahitaji hewa safi. Funga balbu mbili za zamani, zile zinazopata moto, ili moja ikiungua usiku nyingine isukume hadi asubuhi. Za LED zina mwanga tu, joto lake halitoshi. Kinga mayai ya karibu kwa kipande cha bati, balbu isigusane na mbao, na nyaya zifungwe na fundi umeme, kwa kuwa humo ndani kutakuwa na maji pia.

Ukiweza kununua kifaa kimoja tu cha ziada baada ya themostati, yaani kidhibiti kinachowasha na kuzima balbu kulingana na joto, nunua feni ndogo ya kompyuta. Penye feni joto hulingana boksi zima, nawe unalenga nyuzi 37.5. Pasipo feni, pima usawa wa mgongo wa mayai na ulenge kati ya nyuzi 38.3 na 38.9. Kipimajoto chenyewe kijaribiwe: kitumbukize kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo, kinapaswa kusoma 0. Kisha kilinganishe na kipimajoto cha homa ndani ya maji ya vuguvugu. Kama kinadanganya kwa nyuzi moja, sasa unajua.

Halafu washa mashine tupu usiku na mchana mzima kabla ya kuweka yai hata moja. Hapa ndipo subira huwaishia wengi, na naomba usiwe mmoja wao. Mayai ya kienyeji yaliyokusanywa kwa siku saba ni mali. Usiyatumie kujaribia themostati.

Mayai yasizidi siku 7 tangu kutagwa, yahifadhiwe mahali pa ubaridi, ncha nyembamba ikitazama chini. Machafu yaache, ukiyaosha unaondoa kinga ya ganda na kuingiza vijidudu. Yaliyosafiri kwa bodaboda yapumzike usiku mmoja kwanza. Na kundi liwe na jogoo mmoja kwa mitetea wasiozidi 10, kwani mashine haitotoleshi yai lisilo na mbegu.

Andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, ugeuze mara 3 au 5 kwa siku hadi siku ya 18. Hesabu iwe witiri ili upande unaolala chini usiku mrefu ubadilike kila siku. Yai lisilogeuzwa, kiinitete hugandamana na utando na kufa. Siku ya 7 mulika mayai gizani kwa tochi: mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui ni uhai, duara la damu ni kifo cha mapema, na yai linalopitisha mwanga lote halikuwa na mbegu.

Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55, na siku 3 za mwisho upande hadi 65 au 70. Kinachoongeza unyevu ni upana wa chombo cha maji, wala si kina chake. Sahani pana yenye maji machache hushinda kikombe kilichojaa.

Umeme ukikatika, usihangaike kupita kiasi. Mayai yakishuka hadi nyuzi 32 kwa saa 3 au 4, ukuaji hupungua kasi tu. Yakifika 40.5 kwa nusu saa, madhara ni makubwa. Funika boksi kwa blanketi, acha matundu wazi, ingiza chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa. Kibatari kisiingie humo. Moshi wake unaua vifaranga.

Siku ya 18 acha kugeuza, funga mlango. Wakitotolewa siku ya 19 au 20 wakiwa na vitovu visivyofunga vizuri, joto lilizidi. Wakichelewa hadi 22 au 23, lilipungua. Ukikuta waliokamilika wamefia ndani ya ganda, wamekaukiwa na kunasa kwenye utando, jiulize ulifungua mlango mara ngapi kuchungulia.

Waache wakauke humo humo. Kiini walichokinyonya kinawatosha siku mbili bila chakula, kwa hiyo hakuna haraka ya kuwahamishia penye joto la nyuzi 32 hadi 35 la kulelea. Wakitoka, ondoa maganda na manyoya yote, osha trei kwa sabuni, pangusa kwa maji yenye jiki, anika boksi juani likiwa wazi, ndipo ukusanye mayai ya awamu nyingine.