Je, Wajua? Kwa Nini Mshauri Makini Huuliza "Tumejuaje?" Kabla ya Kushauri

Muulize meneja yeyote kama mrejesho, yaani kumwambia mtu kazi yake inaendaje, humsaidia mfanyakazi, atajibu ndiyo papo hapo. Mwaka 1996, watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walizichambua kwa pamoja tafiti nyingi za zamani kuhusu jambo hilo, wakapata vipimo 607 vya athari ya mrejesho. Kwa wastani ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo, utendaji ulishuka baada ya mrejesho kutolewa. Maelezo yao ni kwamba maneno yakimfanya mtu ajifikirie yeye mwenyewe na hadhi yake, akili yake huihama kazi.

Sasa chukua mshauri aliyeitwa kwenye kampuni inayolalamika kwamba wafanyakazi hawajitumi. Anaweza kuuza mfumo wa mrejesho wa kila wiki kwa sababu kampuni kubwa fulani inautumia. Wapo wengi wanaofanya hivyo, na mteja hulipa akijua amepata dawa, kumbe ugonjwa wenyewe haujapimwa.

Njia ya kuzuia kosa hili ni kutumia ushahidi, na chimbuko lake ni tiba. Mwaka huohuo wa 1996, daktari David Sackett na wenzake walieleza katika British Medical Journal kwamba daktari anapaswa kuunganisha ujuzi wake na ushahidi bora uliopo wa kitafiti. Kimoja pekee hakitoshi. Upande wa uongozi wa kazi, mtafiti Denise Rousseau aliibeba hoja hiyo mwaka 2005 alipohutubia Academy of Management, chama cha wasomi wa uongozi, akiwa rais wake. Yeye na wenzake, Eric Barends na Rob Briner, hutaja vyanzo vinne vya kuchunguzwa: tafiti za kisayansi, takwimu za kampuni yenyewe, uzoefu wa wanaoifanya kazi, na maoni ya watakaoguswa na uamuzi.

Kwangu mimi, chanzo kinachopuuzwa bila sababu ni takwimu za ndani. Meneja akisema "watu wanaacha kazi kwa ajili ya mshahara", rekodi zake mwenyewe zinaweza kumwonyesha kwamba karibu wote walioondoka walikuwa chini ya msimamizi mmoja, au waliondoka kabla ya kutimiza miezi sita. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kupandisha mishahara ya wote.

Tafiti nazo zisomwe kwa macho mawili. Mwaka 1998, Frank Schmidt na John Hunter walikadiria uhusiano kati ya usaili wenye maswali yaliyopangwa na utendaji wa baadaye kuwa 0.51 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), sawa na mtihani wa uwezo wa akili. Mwaka 2022, Paul Sackett (si yule daktari) na wenzake walirudia hesabu, wakaona makadirio mengi ya awali yalikuwa yamekuzwa. Usaili uliopangwa ulishuka hadi 0.42, ukabaki juu ya mbinu nyingine zote. Mtihani wa akili ukashuka hadi 0.31. Usaili wa kuongea tu bila mpangilio, ambao mameneja wengi huupenda, ulipata 0.19. Mshauri aliyekariri takwimu za 1998 na hakuzigusa tena anamdanganya mteja bila kukusudia.

Hata ushauri wenye ushahidi mzuri unaweza kugoma mahali fulani. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, pima hali ilivyo. Kisha jaribu mabadiliko katika baadhi ya vitengo, vingine viendelee kama zamani, halafu pima vyote tena kwa kipimo kilekile. Bila vile ambavyo havikuguswa, mteja hatajua kama kilichosaidia ni ushauri wako au ni msimu tu wa biashara uliobadilika.