Shambulio linaloendelea shuleni: maana yake na wajibu wa askari

Shambulio linaloendelea ni hali ambapo mtu au kundi lenye silaha limo ndani ya shule, linaua sasa hivi, na hakuna aliyelizuia. Ni tofauti na utekaji. Mtekaji ana madai, hivyo polisi huzingira, huzungumza naye na kusubiri kikosi maalumu. Mshambuliaji huyu hana la kuzungumza, na kusubiri kunamwongezea nafasi ya kuua.

Kuchanganya hali hizi mbili kumegharimu maisha ya watoto. Katika shule ya Columbine, Marekani, mwaka 1999, polisi walizingira jengo na kikosi maalumu kikaingia baada ya dakika kama 47. Mwalimu aliyepigwa risasi alivuja damu ndani kwa saa kadhaa hadi akafa. Mafunzo yakabadilishwa: wanaofika kwanza waingie. Hata hivyo katika shule ya Uvalde, jimbo la Texas, Marekani, mwaka 2022, askari walikaa dakika 77 kabla ya kumkabili muuaji, kwa kudhani amejifungia tu, ilhali watoto waliokuwa naye walikuwa wakipiga simu kuomba msaada. Walikufa wanafunzi 19 na walimu 2.

Kwa hiyo askari wawili au watatu wa kwanza huingia wakifuata mlio wa risasi. Wanawapita majeruhi, jambo gumu sana kwa moyo wa binadamu, kwa sababu muuaji asipozuiliwa majeruhi wataongezeka. Hawafyatui bila kumwona mlengwa waziwazi: risasi ya SMG (bunduki ya aina ya AK-47) hupenya mbao, mabati na hata ukuta mwembamba, na nyuma yake kuna watoto. Mlio ukikoma, wanakagua chumba kwa chumba.

Kundi la pili, la kuokoa majeruhi, hufuata nyuma ya askari hao bila kungoja shule nzima ikaguliwe. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika 5. Mkanda wa kuzuia damu hufungwa juu ya jeraha kwa sentimita 5 hadi 7, si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Hukazwa mpaka damu ikome, saa ikaandikwa, na haulegezwi hadi hospitali.

Uganda ina ugumu wake. Katika shule ya sekondari huko Mpondwe, wilayani Kasese, usiku wa 16 Juni 2023, waasi wa ADF (kundi la waasi wa Uganda lenye ngome mashariki mwa Kongo) walikuja kwa kundi. Wavulana walijifungia bwenini, washambuliaji wakalitia moto. Mlango uliofungwa humzuia mwenye bunduki, lakini moto huugeuza kuwa mtego. Katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, mwaka 1998, wanafunzi wengi waliungua vivyo hivyo. Kila bweni linahitaji mlango wa pili unaofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Mlinzi mmoja wa getini hawezi kulikabili kundi la namna hiyo peke yake. Kazi yake ni kupiga kengele, kupiga 999 au 112, na kutaja idadi yao, silaha na upande walikoingilia. Wanaokuja kusaidia nao wajihadhari na kuviziwa njiani.

Hatari nyingine ni kupigana wenyewe kwa wenyewe gizani, maana polisi, wanajeshi, walinzi na wazazi wenye mapanga hufika pamoja. Afande wa kwanza kufika ndiye anayeamuru mpaka akabidhi kwa mkubwa wake, na wasio na sare wazuiwe nje ya uzio. Mchoro wa shule na funguo za akiba viwe tayari katika kituo cha polisi kilicho karibu.