"Nimefika": dhana potofu za abiria wa treni ya Zambia anayerudi Tanga

"Mjomba, nimefika!" Mpwa wangu alinipigia saa kumi na moja jioni, amesimama nje ya stesheni ya Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, Dar es Salaam, mifuko miguuni, ametoka Kapiri Mposhi, Zambia. Huku Ngamiani, Tanga, mama yake alishaanza kukuna nazi. Nikamwambia, "Hujafika, mjomba. Umeshuka tu." Alikanyaga Tanga kesho yake saa saba mchana, na wali ulishaliwa na majirani.

Treni siilaumu, maana kuchelewa kwake kila mtu anakujua. Nalaumu maneno ya barazani. Hapa kwetu kwenye kahawa kila mzee anajua namna ya kutoka Tazara kuja Tanga, na wengi mara ya mwisho walisafiri Ubungo bado ina stendi. Kijana akayabeba yale maneno kama yalivyo.

"Stesheni ni stesheni, ukishuka uko mjini"

Hii ndiyo mama wa makosa yote. Tazara haina uhusiano na stesheni kongwe ya TRC, Shirika la Reli Tanzania, iliyoko katikati ya mji, wala na ile mpya ya SGR, reli ya kisasa ya umeme, iliyo jirani yake. Hata reli zenyewe haziingiliani: ya TRC ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya SGR milimita 1,435, na ya Tazara milimita 1,067, kipimo cha reli za kusini mwa Afrika. Ilijengwa hivyo makusudi kati ya 1970 na 1975, kwa msaada wa China, ili mabehewa ya Zambia yafike bandarini bila kupitia Rhodesia. Kilomita 1,860 zote hizo, na treni ikifika Dar haiwezi kusogea mpaka katikati ya mji hata dereva akitaka.

Kwa hiyo unashukia kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela, karibu na daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa 2018. Anayekwenda Kariakoo, Posta au kuunganisha SGR ya Morogoro na Dodoma anafuata Nyerere kuelekea mjini. Anayekuja Tanga anafuata Mandela kuelekea Ubungo. Barabara mbili, pande mbili, na makonda wa pande zote wanaita kwa pamoja. Usipande kwa kusikia sauti. Soma kibao cha mbele, halafu muulize konda tena ukiwa mlangoni.

Mpwa wangu alipanda sawasawa. Tatizo lilikuja njiani, konda alipoanza kupiga kelele, "Relini! Relini wapo?" Mtu aliyelala kwenye treni, akisikia reli anadhani anaitwa yeye. Akashuka na mifuko yake yote. Ile ni Tabata Relini, kituo tu cha daladala, na reli inayokatiza pale ni ya TRC. Akasimama hapo kwenye foleni ya jioni, kila daladala inayopita imejaa mpaka mlangoni.

"Mabasi ya Tanga yako Ubungo"

Yalikuwapo. Tangu 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ni ya Magufuli, Mbezi Luis, mbele kabisa ya Kimara kwenye Barabara ya Morogoro. Ubungo sasa ni mahali pa kubadilisha gari.

"Panda mwendokasi, humalizi dakika kumi"

Mwendokasi wa Barabara ya Morogoro, yale mabasi yenye njia yao peke yao, ulioanza 2016, unatoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco. Mandela haupiti. Ukitoka Tazara utakutana nao Ubungo, tena saa hizo watu wa ofisini wanarudi Kimara na mlango wa basi ni vita. Mwenye begi la mgongoni ataingia. Mwenye masanduku mawili na kiroba cha zawadi, ushauri wangu ni achukue bajaji au teksi tokea Tazara, hasa wakiwa wawili wa kuchangia. Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, huibishanii. Ya bajaji mnapatana, na mnapatana kabla mzigo haujapakiwa. Ukishapakiwa, bei anayo yeye.

Na uwe na chenji ya shilingi. Kwacha ziache Tunduma, kule mpakani ambako maofisa wa uhamiaji hukagua pasipoti. Konda wa Dar ukimpa kwacha atakuuliza kama unacheza.

"Tiketi imeandika saa tisa"

Hapa hata wasomi huanguka. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja: Kapiri Mposhi ikiwa saa nane mchana, Dar ni saa tisa. Halafu ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 15:00 ni saa tisa alasiri yetu, na 09:00 ni saa tatu asubuhi, si saa tisa ya chochote. Mama yake kijana alisoma ujumbe wa simu, "naingia 15", akahesabu mpaka akachoka.

Lakini hata ukihesabu vizuri, usikate tiketi ya basi la Tanga ya jioni ileile kwa kutegemea ratiba ya treni. Saa kadhaa za kuchelewa ni jambo la kawaida, na basi halimsubiri mtu.

"Usiku hakuna mabasi"

Hili ndilo lililomlaza mpwa wangu gesti ya Mbezi. Kweli kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalizuiwa kutembea usiku, ila zuio liliondolewa 2023. Si kila kampuni ina basi la usiku la Tanga, lakini angeuliza dirishani kabla ya kulipia chumba. Aliyemwambia hakuna alikuwa mwenye chumba.

"Si kuna treni siku hizi?"

Ipo, ila haiji kwetu. SGR inayofanya kazi tangu 2024 inakwenda Morogoro na Dodoma. Treni ya TRC ya Arusha, iliyorudishwa baada ya miaka mingi, inapita Korogwe na kuelekea Mombo, Same na Moshi. Tanga mjini inatuacha pembeni. Inauma kidogo, maana reli ya kwanza ya Tanganyika ilianzia hapa hapa kwetu miaka ya 1890.

Wanaokwenda upande wa pili nao wasicheke. Treni ya Tazara haifiki Lusaka. Inaishia New Kapiri Mposhi, na bado una kama kilomita 200 za kwenda kusini kwa basi. Stesheni ya reli ya Zambia yenyewe iko mahali pengine palepale Kapiri, si ng'ambo ya jukwaa.

Nyumbani nako kuna dhana yake. Mgeni akisikia "Tanga, mwisho wa gari" anasimama, kumbe ni Kange, stendi iliyo nje ya mji. Ngamiani, Chumbageni na Raskazone bado unapanda daladala au bajaji, na waendesha baiskeli wetu uwaangalie unapovuka.

Kesho yake saa sita na nusu simu ikalia. "Mjomba, nimeshuka Kange." Nikamwambia mama yake aweke maji ya chai, lakini asiyachemshe kwanza.